Usafiri wa Mjini na Haki ya Mfanyakazi



Tutokapo Misa ya asubuhi hapa Dar es Salaam, wengi wetu huelekea kituoni. Hapo tunamwona mwanafunzi akizuiwa mlangoni na konda, kwa kuwa nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Tunamwona mama mjamzito akipigania nafasi, na mzee akiachwa. Tunamlaumu konda kwa utovu wa adabu, kisha tunaendelea na safari. Leo tutazame mbali zaidi.

Tukumbuke tulikotoka. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974. Mabasi yake yalipokuwa hayatoshi tena, mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi, ndiyo daladala. Tukiri kwa haki kwamba magari hayo yaliwaokoa wengi waliokuwa wakitembea kwa miguu.

Lakini yalikuja na utaratibu wake. Madereva na makonda walio wengi hawana mshahara wala mkataba. Kila siku humpelekea tajiri wa gari kiasi alichopanga, kiitwacho hesabu. Mafuta hununua wao, na kinachobaki ndicho chakula chao. Siku ikiwa mbaya hurudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana gari hukimbizwa, hujazwa kupita kiasi, hukatishwa kabla ya mwisho wa ruti, na mwanafunzi huhesabiwa kuwa hasara. Mwaka 1997 wafanyakazi hao waliunda chama chao, UWAMADAR, wakadai mikataba. Hawakuomba sadaka, walidai haki.

Mwaka 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, yenye njia yake na vituo vyake. Hata hivyo, wakazi wengi wa pembezoni wangali wanategemea daladala.

Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya kazi hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, maana mwenye shida hukubali lolote. Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alionyesha kwamba msongamano na ukosefu wa usalama katika usafiri wa umma huwavunjia watu hadhi yao.

Tusiseme kwamba haya ni ya serikali peke yake. Miongoni mwetu tunaoshiriki meza moja ya Bwana wamo wenye magari. Nasi mapadre tumeyanyunyizia magari hayo maji ya baraka, bila kuuliza dereva analipwaje. Tutubu pamoja.

Basi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijiulize: Ni nani kati yetu anayemiliki gari? Je, amempa dereva mkataba na ujira usiotegemea bahati ya siku? Ni nani kati yetu aliyemtetea mtoto aliyezuiwa mlangoni? Mwenye gari aanze kwa kuketi na dereva wake na kupanga naye upya hesabu. Viongozi wa walei wawaalike madereva na makonda wa kituo cha jirani, wawasikilize kabla ya kuwahukumu.

Amani barabarani ni tunda la haki. Mungu awabariki.