Nyumba Yenye Magurudumu

Sisi tukaao Timbwani huyaona magari hayo yakitoka kwenye feri ya Likoni na kushika njia ya kusini, kwenda Tiwi na Diani. Mengine huendelea mpaka Lungalunga, yakaingia Tanzania. Ni gari, tena ni nyumba: ndani mna kitanda, jiko na tangi la maji. Watoto huyapungia mikono. Sisi watu wazima nasi hutazama, tukijifanya hatutazami.

Twadhani raha ya wasafiri hao ni mali. Mali ipo, maana gari la namna hiyo halinunuliwi kwa fedha za dagaa. Lakini mwenyewe akisimama kununua madafu, mwulizeni. Atawaeleza habari za uzito. Maji lita 100 ni kilo 100, sawa na kumpakia mtu mnene asiyeshuka njiani. Kiti kimoja kikiingia, kitu kingine hutoka, ama sivyo springi zitakatika mashimoni. Na mashimo, ndugu, twayajua. Kwa kuwa amebeba machache, hulala atakapo, na asubuhi akifungua mlango bahari i papo hapo.

Ibrahimu naye alitoka Harani akiwa na miaka 75, akakaa hemani, wala hakuwa maskini.

Nyumba zetu hazina springi, basi hakuna apimaye. Jioni hii tuinameni tutazame uvunguni. Lile godoro la akiba lina miaka mingapi pale? Na yule kijana aliyepanga chumba nyuma yetu analalia mkeka.