Kompyuta ya Kikundi Ikizimika Wakati wa Bakapu

Maneno yaliyosemwa kwa viongozi na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta za vikundi. Wengine mtacheka, maana mnanijua kwa habari za mbuzi wa maziwa na matangi ya maji. Ni kweli, mimi nilisomea kazi ya jamii, sikusomea kompyuta. Lakini haya nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu, na nusura yavunje kikundi.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama, jina sitalitaja. Hesabu zao zote za akiba na mikopo zimo ndani ya kompyuta moja waliyoinunua ikiwa kuukuu. Kila Ijumaa saa nane mchana kompyuta hiyo ilikuwa inazimika. Skrini inageuka buluu, yanatokea maneno ya Kiingereza, kisha inajiwasha yenyewe kama kwamba hakuna lililotokea. Ijumaa moja ilizimika mweka hazina akiwa katikati ya kuingiza marejesho ya mikopo. Yakapotea yote ya siku ile. Mkutano uliofuata mama mmoja akasema amelipa shilingi 4,000, na kompyuta inasema hajalipa. Risiti hana. Mnajua maneno yanavyokuwa hapo! Watu wakaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho lingine, naye hajala hata senti moja.

Kwanza walilaumu stima. Wakachanga pesa, wakanunua ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea. Ijumaa iliyofuata, saa nane, buluu tena. Ndipo kijana mmoja akauliza: mbona ni Ijumaa saa nane peke yake? Stima haina ratiba. Kitu chenye ratiba ni programu.

Kweli, walipoangalia, saa nane ya Ijumaa ndiyo saa iliyopangwa ya bakapu, yaani kuweka nakala ya hesabu mahali pengine. Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu bila kuelewa bakapu inafanya nini mtabaki kumlipa fundi kila mwezi.

Tuseme mkaguzi anataka kunakili kitabu cha hazina, na mweka hazina bado anaandika ndani yake. Akinakili ukurasa wa kwanza asubuhi na wa mwisho jioni, hesabu hazitalingana. Basi anasema: wekeni kalamu chini kidogo. Windows nayo hufanya hivyo, tangu Windows XP ya mwaka 2001. Inaziambia programu zimalize sentensi zao na kutulia, si zaidi ya sekunde 60. Kisha inazuia diski isiandikwe kitu, si zaidi ya sekunde 10. Hapo ndipo inapopiga kile tunachoweza kuita picha ya diski. Baada ya hapo kalamu zinarudi kazini, lakini kwa sharti: kabla ya kuandika juu ya maandishi ya zamani, yale ya zamani yananakiliwa kwanza, vipande vya kilobaiti 16, na kuwekwa kando. Bakapu inasoma diski kama ilivyokuwa dakika ile ya picha. Anayeshika kazi hiyo anaitwa volsnap.sys.

Huyo ni draiva. Draiva ni programu inayofanya kazi chini kabisa, karibu na chuma chenyewe. Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa yenyewe tu. Draiva ikikosea, Windows inasimamisha mashine nzima isije ikaharibu diski. Hiyo ndiyo maana ya buluu. Na wenye Windows 11 msishangae mkiona nyeusi, rangi ilibadilishwa mwaka 2025.

Sasa mfanye nini? Kabla ya kugusa chochote, toeni hesabu nje. Funga programu ya hesabu, chukua lile folda, linakili kwenye flashi kwa mkono. Kunakili kwa namna hiyo hakuhitaji picha ya diski, kwa hiyo mara nyingi kutafaulu hata pale bakapu inapoangusha mashine. Kisha fungua flashi ile kwenye kompyuta nyingine uone kama hesabu zinasomeka. Fundi akija na neno la kufomati, mwambieni asubiri. Wale akina mama waliambiwa hivyo hivyo, na kama wangekubali siku ile wangepoteza miaka yote ya akiba.

Halafu isomeni ile skrini. Pigeni picha kwa simu. Ikipita upesi, ziko njia mbili: zimeni alama ya Automatically restart katika mipangilio ya Startup and Recovery, au fungueni folda ya C:\Windows\Minidump, ambako mara nyingi Windows huacha kumbukumbu ya kila anguko, na fundi anayejua kazi ataisoma. Nambari inasema mengi. 0x7A, kwa mfano, maana yake Windows iliomba kitu kutoka kwenye diski ikashindwa kukisoma: tafuteni ubovu wa diski, waya wake, au memori. Lakini jihadharini. Mkiona jina volsnap.sys limeandikwa pale, msikimbilie kusema ndiye mwenye makosa. Anayekutwa mlangoni si lazima awe ndiye aliyevunja. Draiva nyingine hupitia karibu naye, za antivairasi na za programu za bakapu, na mara nyingi moja ya hizo ndiyo iliyoharibu.

Fungueni pia Event Viewer, mwangalie dakika chache kabla ya anguko. Mkikuta makosa ya disk, hiyo diski inazeeka, inunuliwe nyingine. Msiichokoe kwa chkdsk kabla ya kutoa hesabu, maana diski mgonjwa huweza kufa wakati wa kupimwa. Mkikuta volsnap nambari 25, hiyo ni habari nyingine: nafasi ya kuweka yale maandishi ya kando haikutosha, na Windows imefuta picha. Hiyo kwa kawaida haizimi mashine, inafanya bakapu ishindwe tu. Ongezeni nafasi katika System Protection, au punguzeni takataka kwenye diski. (Ile kompyuta ilikuwa imejaa sinema za vijana. Haya, tuendelee.)

Kisha fungueni lile dirisha jeusi la amri, kwa ruhusa ya msimamizi, mwandike hivi: vssadmin list writers. Kila jina linatakiwa kuwa Stable, bila kosa. Lililoandikwa Failed linawaonyesha ni programu ipi iliyokataa kuweka kalamu chini. Andikeni tena: vssadmin list providers. Majina yanayoanza na Microsoft ni ya Windows yenyewe. Mkiona la kampuni nyingine, kuna programu ya bakapu imejiingiza.

Pale kwa akina mama ndipo tulipoukuta mzizi. Kulikuwa na programu mbili za bakapu. Moja ilikuja na diski ya nje waliyopewa, imetengenezwa kwa Windows ya zamani kuliko ile waliyo nayo. Ya pili iliwekwa na fundi baadaye, bila kuuliza kama kuna nyingine. Zote zimepangwa Ijumaa saa nane! Tuliondoa ile ya zamani peke yake, hatukugusa kitu kingine, tukangoja Ijumaa. Nasisitiza hapo: badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Mkimeza vidonge vitano kwa pamoja hamtajua kipi kilichoponya. Ijumaa ikafika, saa nane ikapita, saa tisa, mashine imetulia. Nambari 25 ilibaki kwa wiki mbili hadi sinema zilipotolewa.

Laiti ingeendelea kuzimika, hatua inayofuata ingekuwa kupima memori kwa mdsched, kusasisha draiva, na kuondoa antivairasi kwa muda mfupi huku waya wa intaneti umechomolewa.

Jambo moja zaidi, maana nimeulizwa mara nyingi. Ile picha ya diski si bakapu. Kwa kawaida inakaa ndani ya diski ile ile. Diski ikifa, picha imekufa nayo. Vairasi wa WannaCry, aliyeenea duniani Mei 2017, alikuwa anafuta picha hizo makusudi kabla ya kudai pesa. Bakapu ni ile iliyo nje ya kompyuta, flashi mbili, moja nyumbani kwa mwenyekiti.

Zile 4,000 hatukuzipata ndani ya kompyuta. Kamati ilikaa jioni nzima, ikahesabu pesa zilizopelekwa benki Ijumaa ile, na zilizidi hesabu ya mashine kwa kiasi ambacho malipo ya mama yule na ya wengine wawili yanakifikia sawasawa. Mama aliandikiwa. Tangu siku hiyo risiti ya karatasi inaandikwa kabla ya kompyuta kuguswa, na mweka hazina ni yule yule.

Walio na mashine inayozimika, njooni na ile picha ya simu na saa iliyotokea, tuitazame pamoja baada ya chai.