MKONGO UMEFIKA KIGOMA, STESHENARI BADO INASUBIRI

(Hotuba ya mwandishi wa kujitegemea kwa vijana wa Kasulu na Kibondo)



Wapo wanaodhani intaneti ililetwa huku kwetu na vigogo wa Dar es Salaam. Siyo kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo cha Ualimu Kasulu na kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila vilipata intaneti ya dishi la setilaiti, kwa msaada wa Global Catalyst Foundation ya Marekani.

Dishi lile ni somo kwa yeyote anayetaka kutia pesa yake kwenye mtandao. Setilaiti ya namna hiyo hukaa kilomita karibu 36,000 juu yetu. Ombi lako linapanda hadi huko na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka. Nusu sekunde imekwisha kabla ukurasa haujaanza kufunguka. Hilo linavumilika. Kinachoua ni ada ya kila mwezi na dizeli ya jenereta. Mfadhili akiondoka, nani analipa? Mtabila yenyewe ilifungwa mwaka 2012.

Kisha ukaja Mkongo wa Taifa. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na serikali, kwa mkopo wa China, ikatandaza wake wa nchi kavu mpaka mikoani. TTCL ikakabidhiwa kuuendesha. Tulipigiwa ngoma! Lakini mkongo ni bomba kuu tu, na bomba kuu kupita barabarani hakujazi ndoo ya mtu. Kutoka hapo hadi kijijini unatakiwa mnara, na mnara unataka umeme. Huku kwetu tuliishi kwa majenereta ya TANESCO hadi mwaka 2022, gridi ya taifa ilipoanza kuingia mkoani. Nani mwenye akili timamu angekopa anunue kompyuta kumi?

Halafu kuna milima. Kijiji kilichojificha nyuma ya kilima hakipati mawimbi, na kampuni ya simu haijengi mnara kwa wateja wachache. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, utoe ruzuku penye hasara. Kampuni za simu huuchangia, nazo hazitoi hela ya baba yao. Inatoka kwenye bando lako.

Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ilikatika, mtandao ukadorora nchi nzima. Ile ilikuwa ajali. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa kwa siku kadhaa. Ile haikuwa ajali. Mwenye steshenari anayewajazia wanafunzi maombi ya mkopo alikaa mikono mitupu, na kodi ya pango ikaendelea kuhesabiwa. Waziri anayewaita wawekezaji atuambie hasara ile ni ya nani.

Baraza la Madiwani hukaa kila miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Mbaneni diwani wenu kabla ya kikao. Aulize kata ipi ilipewa ruzuku ya mnara, shilingi ngapi, na mnara uko hewani au umelala. Aulize pia ni bei gani kuvuta waya kutoka kwenye mkongo hadi shule ya sekondari, na kama vijana watano wenye steshenari wanaweza kuchangia waya mmoja. Jibu litolewe kwa maandishi. Mkilipata, nileteeni nakala tuichape hapa.