Tusingoje Kuche

Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka, Matiliku



Kazi yetu ya ukarani ni kutunza madaftari ya chama, nasi tuliyasoma tena kabla ya kuja hapa. Tuliona humo safu ya fedha za mazishi na safu ya karo. Lakini hatukuona safu ya nauli ya kumpeleka mtoto mgonjwa hospitalini usiku.

Wengi wenu mwamkumbuka mtoto wa mwenzetu aliyeshikwa na homa kali, akatapika, na shingo yake ikakakamaa. Sisi tulioitwa usiku ule tulisema, "Ni homa tu, tungoje kuche." Kulipokucha tukaanza kutafuta gari na fedha, na siku ya pili ndipo alipofikishwa kwa daktari. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini hasikii tena. Kosa hilo ni letu.

Yatupasa kuujua ugonjwa huu. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando. Vijidudu, ama bakteria ama virusi, vikiufikia, utando huo huvimba. Ugonjwa uletwao na bakteria ndio mkali zaidi: waweza kuua katika muda wa siku moja, na anayepona aweza kubaki kiziwi au na kifafa. Kwa mtoto mchanga huenda shingo isikakamae. Bali hukataa titi, hulegea, hulia kwa sauti isiyo ya kawaida, na pengine utosi wake hutuna.

Degedege nayo ni dalili, wala si pepo. Huweza kuletwa na homa yenyewe, na malaria iliyopanda kichwani, au na ugonjwa huu tunaousema. Mtoto akishikwa nayo, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, kisha mpelekeni hospitalini upesi. Huko daktari aweza kutoa maji kidogo mgongoni kwa sindano, apate kukijua kijidudu. Twasikia watu wakisema sindano hiyo hulemaza. Sivyo; kinacholemaza ni ugonjwa uliocheleweshwa.

Kinga nayo ipo. Mwaka 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya kijidudu kiitwacho Haemophilus influenzae aina ya b, ambacho kilikuwa miongoni mwa waletaji wakubwa wa ugonjwa huu. Huko Kilifi watafiti waliona kwamba katika miaka mitatu, maradhi makali ya kijidudu hicho kwa watoto wa chini ya miaka 5 yalipungua karibu sehemu 9 katika 10. Mwaka 2011 ikaongezwa chanjo ya nimokokasi, kijidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo pia. Chanjo hizi mbili hutolewa mtoto atimizapo wiki 6, 10 na 14. Polio, ambayo virusi vyake huharibu mishipa ya fahamu na kupoozesha viungo, haina dawa ya kuiponya. Kwa hiyo matone yake yasikoswe hata mara moja.

Basi, twaleta maombi mawili. Kwanza, kila mzazi aitazame kadi ya kliniki ya mtoto wake wiki hii, na palipo na pengo aende akaulize. Pili, sehemu ya fedha za chama itengwe iwe nauli ya usiku, na katika kila kijiji aombwe mwenye gari au pikipiki mmoja awe tayari kuitwa saa yoyote.

Sisi sote tu wepesi wa kuchanga kwa ajili ya jeneza. Na tuwe wepesi vivyo hivyo mtoto angali anapumua. Daftari liko hapa mezani. Twaomba idhini yenu tuichore safu hiyo leo.