Godoro Hununuliwa kwa Ajili ya Ngozi: Mada kwa Walioumia Uti wa Mgongo na Wanaowauguza



Niliporuhusiwa kutoka hospitali nilikuta kitanda kimeshaandaliwa. Kaka zangu walikuwa wamepigilia mbao juu ya chaga na kutandika godoro la inchi nne, wakiamini mgongo uliovunjika unataka mahali pagumu. Walifanya kwa mapenzi. Wiki ya tatu, mke wangu aliponigeuza anifute, alikuta kwenye kifandugu doa jeusi, gumu kidogo, lenye joto kuliko ngozi ya pembeni. Mimi sikuwa nimesikia chochote. Doa lile lilifunguka likawa shimo la kuingia kizibo cha soda, na kulifunga kulichukua miezi saba.

Mgongo wangu ulishashughulikiwa na daktari wa mifupa. Kilichohitaji godoro ni ngozi. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na kitanda hukosa damu. Mzima husumbuka akajigeuza hata usingizini, lakini sisi habari hiyo haitufikii. Ndiyo maana daktari Ludwig Guttmann, alipoanza kazi Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alishikilia wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hakuna godoro lililofuta kazi hiyo. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyeumia uti wa mgongo kama sisi, hakukosa uwezo wa kununua kitanda kizuri, na bado alipofariki Oktoba 2004 alikuwa akitibiwa kidonda cha kulalia kilichoingiwa na maambukizi.

Tukija dukani: muuzaji atakwambia ubonyeze kwa ngumi. Ngumi haina kifandugu wala nyonga. Omba mhusika mwenyewe alazwe juu ya godoro, hata kama watu watatazama. Kisha msaidizi apitishe mkono chini ya godoro, usawa wa makalio, kiganja kikitazama juu. Akiusikia mfupa kama vile kati yao kuna blanketi tu, godoro hilo halifai, hata liwe jipya. Sponji iliyobaki chini ya mfupa isipungue inchi moja. Rudieni hivyo akiwa amekaa, maana hapo uzito wote hushukia makalio. Nyumbani nasi hufanya hivyo mara kwa mara, kwa sababu sponji nyepesi hufanya bonde kabla mwaka haujaisha. Sponji nzito, inayorudi polepole ukiiachia, hudumu zaidi.

Lakini msikimbilie laini kupita kiasi. Godoro linalokumeza hukunyima nguvu ya kujigeuza, na ukingo wake ukibonyea utaanguka unapohamia kwenye kiti. Pimeni pia kimo: kitanda pamoja na godoro vilingane na kiti chako cha magurudumu. Mabega yetu ndiyo miguu yetu sasa.

Godoro la hewa lenye mota, ambalo vifuko vyake hujaa na kupungua kwa zamu, linamfaa mwenye kidonda tayari au asiye na mtu wa kumgeuza usiku. Umeme ukikatika hunywea, kwa hiyo chini yake pawe na sponji ya kutosha.

Nailoni ya dukani itoeni. Najua wengi huiacha kwa ajili ya mkojo, lakini chini yake mtu hutota jasho, na ngozi iliyotota huchubuka upesi. Tafuteni kitambaa kisichopitisha maji kinachovutika. Shuka isikazwe kama ngozi ya ngoma, na kanga isikunjwe chini ya makalio: nimeona mkunjo wa kanga ukiacha alama kama fimbo. Visigino viwe hewani, mto ukae chini ya mashavu ya miguu. Zile pete za mpira za kukalia acheni kabisa, zinakaba damu pembeni.

Godoro nililokuja nalo liko pale mbele, na lile la zamani lenye bonde liko kando yake. Baada ya chai tutawalaza wawili wanaojitolea, na kila muuguzaji apitishe mkono wake chini ya yote mawili.