Ufunguo wa Pili

Somo lililotolewa kwa wenye biashara, sikukuu ya ushirika wetu, Juba, Sudan Kusini
Maandiko: Matendo 18, Warumi 16:3-5, Kutoka 18, Kumbukumbu 24:14-15

 

 Nimepewa nafasi niseme na wenye biashara. Sitahubiri habari za kubarikiwa na magari, mahubiri hayo mmeyasikia mengi. Nina swali moja tu. Ufunguo wa pili wa duka lako anao nani?

Usijibu haraka. Sisemi ule wa chuma peke yake. Nasema hivi: ukiondoka Juba kesho asubuhi kwa ghafla, nani atafungua? Nani anajua kilichomo ndani, nani anatudai, nani tunamdai, mzigo upi uko njiani? Kama yote hayo yamo kichwani mwako tu, mpendwa, hiyo bado si biashara. Ni kibarua ulichojipa mwenyewe. Siku ukiugua malaria, na duka linaugua.

Mji huu umetufundisha. Tarehe 15 Desemba 2013 ilikuwa Jumapili, na usiku ule risasi zikaanza. Julai 2016 zikarudi, na jeshi la Uganda likaleta msafara wa magari kuwatoa watu waliokwama hapa. Januari 2025 maduka ya ndugu zetu Wasudani yaliporwa humu humu mjini, polisi wakatangaza watu wasitembee usiku. Kila mara wako waliokimbia na ufunguo mfukoni. Sisemi ufunguo wa pili ungezuia risasi au mwizi. La. Nasema, duka lililoandikwa vizuri na lenye mtu anayelijua linaweza kuinuka tena. Duka lililokaa kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye.

Sasa fungueni Matendo 18. Mnamwona Akila? Mzaliwa wa Ponto. Alikuwa Rumi, Kaisari Klaudio akaamuru Wayahudi watoke mjini, naye akafika Korintho na mkewe Prisila. Wakimbizi, lakini na kazi yao mkononi: kushona mahema. Paulo akaingia kwao, akafanya kazi nao. Baadaye tunawakuta Efeso. Ukisoma Warumi 16, wamerudi Rumi, na kanisa liko nyumbani mwao. Hao ni watu wetu kabisa! Wafanyabiashara wa kuvuka mipaka.

Lakini angalia jambo moja. Tafuta Agano Jipya lote, hutamkuta Akila ametajwa peke yake. Kila mara ni Akila na Prisila. Na mara nyingine jina la mama linatangulia. Ile kazi ilikuwa na funguo mbili. Ndiyo maana iliweza kufungwa Rumi ikafunguliwa Korintho, ikafungwa Korintho ikafunguliwa Efeso. Mwambie jirani yako: funguo mbili!

Haya, tuingie sokoni. Mambo manne.

La kwanza, droo ya duka si mfuko wako. Huwezi kumkabidhi mtu droo ambayo wewe mwenyewe unachota bila kuandika. Jilipe. Panga kiasi chako cha mwezi, kichukue siku moja, kiandikwe, halafu acha. Mgeni amefika? Mlishe kutoka kwenye kile chako. Na hapa niseme kama mwinjilisti, wachungaji mnivumilie: usilete madhabahuni fedha ya mtu aliyekukopesha mzigo kule Elegu. Mtaji wa mtu mwingine si sadaka yako. Toa katika faida, toa kwa furaha, Mungu hahitaji deni lako.

La pili, daftari lijue bei ya kurudisha mzigo. Desemba 2015 serikali iliiachia pauni sokoni. Dola iliyokuwa karibu pauni 3 ikaruka ikapita 18. Tangu hapo tumeona mengi, na mwaka 2024, bomba la mafuta lilipoharibika upande wa Sudan kwenye vita, pauni ikaanguka tena. Sasa fanya hesabu nami, namba ni za mfano tu. Umenunua katoni kwa dola 10, dola ikiwa pauni 4,000. Imekugharimu 40,000. Umeuza 46,000, unasema Haleluya, faida 6,000. Unarudi kununua, dola imefika 5,000. Katoni ile ile sasa ni 50,000. Ndugu, hukupata 6,000. Umepungukiwa 4,000, na ukiendelea hivyo rafu zinabaki na vumbi. Kwa hiyo kila jioni andika vitu vitatu: kilichouzwa, kilichotoka, na leo mzigo huu ungenunuliwa kwa bei gani. Madeni yapate ukurasa wake. Mpendwa wa kanisani akikopa, jina lake liandikwe kama la mtu yeyote, na siku ya kulipa iandikwe mbele yake. Upendo hauogopi kalamu.

La tatu linauma kidogo. Kila asubuhi unauliza dola iko ngapi, na unapandisha bei ya sukari. Vizuri. Je, yule kijana anayebeba hiyo sukari, mshahara wake uliupandisha lini? Bei zako zinatembea na dola, lakini mshahara wake umekaa pale pale ulipokuwa mwaka juzi. Halafu unashangaa kwa nini katoni zinapungua! Wizi ni dhambi, sitauhalalisha. Lakini soma Kumbukumbu 24. Mungu anasema juu ya kibarua maskini, awe ndugu yako au awe mgeni, alipwe siku yake kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana juu yako. Mgeni na mwenyeji, wote wawili. Hapa Juba tajiri anaweza kuwa mgeni na kibarua akawa mwenyeji, au kinyume chake. Neno ni lile lile. Kama huwezi kumwongeza pauni, mwongeze chakula, mpe kilo za unga kila wiki, na umweleze hesabu ilivyo. Mtu mwenye njaa usimpe ufunguo, utamtia majaribuni wewe mwenyewe.

La nne, mfundishe huyo mtu wa pili. Musa alikuwa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yethro akaja akamwambia wazi kwamba atachoka yeye na watu pia. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Na alitaja sifa zao: wenye uwezo, wacha Mungu, wa kweli, wasiopenda mapato ya udhalimu. Hakusema wawe wa kabila la Musa. Hakusema wawe shemeji zake. Angalieni tena: uwezo umo katika orodha. Mtu anaweza kunena kwa lugha vizuri sana na asijue kuhesabu katoni. Mpe kwaya, usimpe droo.

Usimkabidhi yote siku moja. Mwezi wa kwanza ahesabu mzigo nawe kila Jumamosi, wote wawili mtie sahihi. Mwezi wa pili aandike daftari, wewe ukague. Mwezi wa tatu asafiri nawe mpaka Nimule, avuke, awajue wale tunaonunua kwao nao wamjue. Halafu wewe ondoka wiki moja. Nenda ukamwone mama yako kijijini. Ukirudi, usianze kwa kufoka. Hesabuni pamoja. Palipopungua, tafuteni kwa nini.

Najua mnachosema moyoni: "Mwinjilisti, wataniibia." Inawezekana. Lakini ufunguo bila daftari ndio unaoibiwa kwa urahisi. Mahali kila kitu kinahesabiwa na watu wawili, mwizi hana pa kujificha, na mwaminifu hasingiziwi. Daftari linamlinda kijana wako kama linavyokulinda wewe.

Na wanaume wenzangu, nimalizie hapa. Mke wako anajua deni lako la Kampala? Mama, mume wako anajua chama chako cha akiba kimeweka kiasi gani? Tumezika ndugu, na juma lile lile watu wanne wamefika kwa mjane wakidai fedha, na mjane hajui nani ni wa kweli. Hana karatasi hata moja. Huo si upendo. Leo jioni, kabla ya kulala, kaa chini uandike: ninaodai, wanaonidai, mzigo ulipo, mkataba wa nyumba ya duka ulipo, leseni ilipo. Nakala ya leseni na ya mkataba ikae mahali pengine, mbali na duka. Mwonyeshe mwenzako. Kama hujaoa, mwonyeshe dada yako au mzee wa ushirika unayemwamini.

Mwaka 2016 Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mipaka inafunguka, washindani wanakuja, na fursa zinakuja. Atakayesimama ni yule aliyelea watu. Paulo aliondoka Efeso akawaacha Akila na Prisila pale, na walipomkuta Apolo, msemaji hodari ambaye bado alipungukiwa kitu, wakamchukua kwao wakamfundisha. Kazi ya mahema haikuwazuia kuzaa kiongozi mwingine. Huyo naye akapata ufunguo wake, akavuka kwenda Akaya.

Tusimame. Kila mwenye duka, mwenye meza ya nyanya, mwenye boda boda tatu, mtaje mbele za Bwana mtu mmoja utakayeanza kumfundisha kuanzia Jumatatu. Mtaje kwa jina. Kisha mwombee. Na mshahara wake, uombee pia, halafu uuongeze.

Mungu awabariki. Amina.