Yogati nyumbani: Nunua kipimajoto kabla ya mashine

(Maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa vikundi vya wafugaji, Nyandarua)

 

Wengi mnauliza mnunue mashine gani ya kutengeneza yogati. Jibu ni hili: kwa lita tano au kumi kwa siku, huhitaji mashine. Unahitaji sufuria, kipimajoto, chombo chenye kifuniko, na njia ya kutunza joto. Pesa ya kwanza iende kwa kipimajoto.

Sababu ni kwamba yogati hutengenezwa na bakteria wazuri, nao wana joto lao. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 85 za Selsiasi na kubaki hapo dakika 30. Hapo viini vya magonjwa kama brusela hufa, na yogati itakuwa nzito. Kisha maziwa hupozwa hadi nyuzi 43 hivi, ndipo unapotia vijiko viwili vikubwa vya yogati isiyo na sukari kwa kila lita. Ukitia maziwa yakiwa nyuzi 60, bakteria hao hufa na maziwa hayagandi. Ukitia yakiwa yamepoa sana, utangoja usiku kucha bila kitu. Kidole hakiwezi kukupimia tofauti hiyo.

Chagua kipimajoto kinachofika nyuzi 100 au zaidi. Kile cha kupimia homa hakifai, kwa kuwa huishia karibu nyuzi 42. Epuka pia cha zebaki, kwa sababu kikivunjika ndani ya maziwa, yote ni ya kumwaga. Na ukikijaribu katika maji yanayochemka, usishtuke kisipofika 100. Sisi tunaishi juu, sehemu nyingi zikipita mita 2,300, na huku maji huchemka karibu nyuzi 92. Si kibovu.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, yenye kitako kizito. Sufuria nyembamba huunguza maziwa, na harufu ya kuungua haiondoki. Kama uliyo nayo ni ya alumini, itumie kupashia tu, au weka sufuria ya maziwa ndani ya nyingine yenye maji. Usigandishie yogati ndani ya alumini, maana uchachu wake hula chuma hicho.

Vyombo vya kugandishia viwe vya kioo, chuma kisichoshika kutu, au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Mtungi uliobeba mafuta ya kupikia au rangi usitumike hata ukisuguliwa vipi. Chagua chenye mdomo mpana, mkono uingie hadi chini. Mahali ambapo mkono haufiki ndipo uchafu hujificha.

Sasa, kutunza joto. Yogati huhitaji saa nne hadi sita katika joto la nyuzi 40 hadi 45, na baridi yetu mnaijua. Mashine ya umeme itafanya kazi hiyo, lakini tokeni zikiisha au stima ikipotea katikati, kazi imeharibika. Chupa ya chai yatosha kwa lita moja au mbili. Kwa zaidi ya hapo, tumia kikapu kilichojazwa vitambaa au blanketi kuukuu, chenye kifuniko kizito. Kijaribu kwanza kwa maji: tia maji ya nyuzi 45 kwenye chombo chako, kifunge ndani, upime baada ya saa sita. Yakiwa bado karibu nyuzi 40, kikapu kinatosha. Yakiwa yamepoa, ongeza blanketi. Jaribio hili halikugharimu hata tone la maziwa.

Kuna jambo ambalo hakuna chombo kitakachorekebisha. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa dawa za viuavijasumu hayagandi, wala hayafai kunywewa. Ngoja siku alizotaja daktari wa mifugo ziishe.

Mwisho, yogati ya familia ni yako na watoto wako. Ukitaka kuuza, hata kwa majirani, tafuta kwanza leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, na uulize kuhusu alama ya ubora ya KEBS. Kabla ya kikundi kuchanga pesa za mashine, zungumzeni na afisa wa ugani wa mifugo wa wadi yenu. Ushauri wake ni bure.